Tisa mbili

Wiki hii, ukiacha swichi moja, sikukaza hata nati. Mashine ipo palepale kwenye karakana ya ami huku Majengo, nami muda mwingi nimekuwa nasoma na kuandika tu.

Kwa aliyeikuta kumbukumbu hii katikati: ni mashine ndogo ya kuchonga mbao, mihimili mitatu, na ubongo wake ni Arduino Uno, kibao kidogo cha kompyuta, yenye Grbl, programu huria ya kuendesha mashine kama hii aliyoianzisha Simen Svale Skogsrud mwaka 2009. Ami anachonga fremu za milango kwa mkono. Mashine inatoa maua na minyororo kwa umbo la juujuu, yeye anamalizia kwa patasi. Kuhusu patasi hana mjadala.

Maelezo ya Grbl nimeyatafuta jioni mbili. Niliyokuwa nimepakua mwanzo yalikuwa ya toleo la 0.9, ambalo lilieleza makosa kwa maneno. Toleo la 1.1 linatoa namba tupu, kwa sababu kumbukumbu ya Uno ni kilobaiti 32 tu na maneno yanakula nafasi. Basi nina karatasi zenye maneno na kioo chenye namba. Ufunguo ulikuwa ndani ya folda ileile ya programu: faili za CSV, yaani orodha za jedwali, za makosa, tahadhari na mipangilio, majina yake yanaishia en_US, Kiingereza cha Marekani. Aliyeziita hivyo amewaachia mlango wazi watu wa lugha nyingine, nikaona niingie na Kiswahili.

Lakini kabla sijaandika neno, Jumatano ami akanipigia simu. "Mwanangu, imeandika tisa."

Nikatazama orodha: error 9, amri imekataliwa kwa kuwa mashine imefungwa. Nikamwambia aandike $X aifungue, aendelee. Akaendelea. Biti ya milimita 6 ikaenda moja kwa moja kwenye kibano ikakatika.

Nilipofika nikasogeza maandishi ya kwenye kioo juu kidogo. Kumbe tisa zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ALARM 9: mashine ilitumwa irudi mwanzo, ikatafuta swichi ya kikomo, ile inayoiambia imefika mwisho wa njia, isiipate, ikajifunga. Ndipo ami akaituma kazi, ikajibu error 9. Mimi nikasoma ya pili nikaipuuza ya kwanza. Na $X inafungua tu, haiiambii mashine ipo wapi. Swichi yenyewe ilikuwa imeota kutu, chumvi ya hewa ya hapa haina huruma. Nimeweka mpya na kuifunika kwa kipande cha mpira.

Kwa hiyo kazi ngumu ilikuwa majina. Mwanzo nilitafsiri error kuwa "kosa" na ALARM kuwa "tahadhari". Ami akauliza, "Kosa la nani, langu au lake?" Swali zuri. Nikamweleza: ya kwanza, imepewa amri haikuikubali, mambo mengine salama. Ya pili, imesimama kwa hofu na haitaki kusogea. Akasema, "Basi moja imekataa, nyingine imejifunga." Ndivyo nilivyoandika: IMEKATAA 9, IMEJIFUNGA 9. Hakuna atakayezichanganya tena kwa simu.

Za kujifunga ni chache tu, zimekwisha zote. Za kukataa niko katikati, maana nyingine zinahusu amri ambazo ami hatazigusa maisha yake.

Kwenye mipangilio nimeongeza mfano wetu chini ya $100, namba ya hatua ambazo mota ya mhimili wa kwanza inapiga kwa kila milimita, kwa sababu maelezo ya asili yanasema "hatua kwa milimita" yanakuacha hapo. Mota yetu ina hatua 200 kwa mzunguko, dreva, kifaa kinachoisukuma mota, inagawa kila hatua mara 8, skrubu inasogeza milimita 8 kwa mzunguko: 200 × 8 ÷ 8 = 200. Grbl inakuja na 250. Ndiyo maana mwezi uliopita mstari wa milimita 100 ulitoka 125, nami nikailaumu tepu ya ami.

Karatasi imechapwa, imetiwa plastiki, imepigiliwa ukutani kando ya mashine. Leo nimekuta ami ameandika kwa kalamu ya mafundi, chini kabisa: "Kabla ya $X soma mstari wa juu." Nimeunakili kwenye faili kama ulivyo.