Ngazija kwa msafiri: fedha, maji na usafiri

Ndege yetu kutoka Dar es Salaam ilitua Hahaya, kaskazini mwa Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko kisiwa cha Ngazija, kwenye uwanja unaopakana na bahari na miamba myeusi ya volkano. Viza nilipewa pale pale uwanjani, nikailipia kwa yuro. Sarafu hiyo ndiyo jambo la kwanza ambalo msafiri wa Visiwa vya Komoro anapaswa kulishughulikia kabla hajaondoka kwao, kwa kuwa shilingi zetu hazina mnunuzi huko, mashine za kutolea fedha ni chache, na maduka mengi hayapokei kadi. Thamani ya faranga ya Komoro imefungamanishwa na yuro, ambapo yuro moja ni faranga 492 hivi. Kwa hiyo anayeulizia bei sokoni Volo Volo hugawa kwa 500 kichwani akajua anadaiwa kiasi gani. Noti ndogo ndogo zina manufaa zaidi kuliko kubwa, hasa kwenye teksi.

Teksi za Moroni ni za kushirikiana. Dereva husimama, ukamtajia unakokwenda, na kama hakuko njiani mwake huendelea na safari bila maelezo wala kinyongo. Magari hupita upande wa kulia, kama ilivyo Ufaransa, na kwa mtu aliyezoea barabara za Tanzania au Kenya hatari yake si wakati wa kuendesha tu, bali hata wakati wa kuvuka barabara kwa miguu. Anayetaka gari peke yake aseme mapema kwamba anakodi, wakubaliane nauli kabla ya kuingia.

Kuhusu lugha, Mswahili hufika akiwa na matumaini makubwa kupita kiasi. Shingazija, lugha ya Ngazija, ni jamaa wa karibu wa Kiswahili, na maneno mengi utayatambua, lakini mazungumzo ya haraka yatakupita. Wazee waliowahi kuishi Unguja huzungumza Kiswahili safi, na uhusiano huo ni wa tangu zamani: Sheikh Ahmed bin Sumeit, aliyekuwa kadhi mashuhuri wa Zanzibar, alizaliwa Itsandra mwaka 1861, mwendo mfupi tu kutoka Moroni. Vijana, benki na ofisi za serikali wanatumia Kifaransa, kwa hiyo ni busara kujifunza walau tarakimu zake. Mavazi ya heshima, salamu kabla ya swali, na kuomba ruhusa kabla ya kumpiga picha mwanamke aliyepaka msindzano, yaani liwa, usoni, hayo mtu wa pwani hahitaji kufundishwa.

Jambo lililonishughulisha zaidi ni maji. Mvua ya Ngazija ni nyingi, lakini kisiwa hakina mito, kwa sababu mwamba wake wa volkano una vitundu na maji hutitia chini mara moja. Vijijini kila nyumba inayojiweza ina birika kubwa la saruji linalokinga maji ya paa, na hayo ndiyo ya kunywa, kupikia na kufulia mpaka mvua nyingine inyeshe. Karthala, mlima wa volkano wenye urefu wa mita 2,361, ulipolipuka Novemba 2005, majivu yaliyaharibu mabirika hayo na watu wengi wakabaki bila maji salama. Mgeni basi anywe maji ya chupa au yaliyochemshwa, na akipewa ndoo na kata ya kuogea asiyamwage maji ovyo kama yuko hotelini. Umeme nao hukatika. Taa ya kuchaji ni muhimu, pamoja na adapta, kwa kuwa soketi ni za Kifaransa, zenye matundu mawili ya duara.

Chakula hakisumbui: samaki, wali, ndizi mbichi, madaba, ambayo ni kisamvu cha nazi, na mkatra siniya, yaani mkate wa sinia, wa asubuhi. Chandarua na tahadhari dhidi ya malaria visisahauliwe.

Julai na Agosti hali ya hewa ni nzuri, ila ndiyo miezi ambayo Wakomoro waishio Ufaransa hurudi kwa harusi kubwa, na nafasi za ndege na vyumba huwa adimu. Tena ni msimu wa kusi. Boti za kwenda kisiwa jirani cha Mwali huondoka Chindini, kusini kabisa mwa Ngazija, na bahari ya mkondo ule ikichafuka nahodha mwenye akili haondoki. Nilipovuka nilihakikisha kwanza kwamba kila abiria ana jaketi la kuokolea, na ningemshauri yeyote asipande boti isiyokuwa nayo, hata kama ni ya mwisho siku hiyo. Kurudi kutoka Mwali kupangwe siku mbili au tatu kabla ya ndege ya kimataifa, maana upepo ukikaza hakuna wa kumdai.