Neno power na mimi

Kazi yangu ni kutafsiri miongozo ya mashine, na hakuna neno la Kiingereza linalonichelewesha kama power. Kwenye swichi ni umeme tu. Kwenye hesabu ni kipeo: 2 kwa kipeo cha 3 ni 8. Kwenye siasa ni mamlaka, au nchi yenye ubabe, hayo hayanisumbui.

Balaa ni fizikia. Mhandisi humaanisha kasi ya kufanya kazi: juli 1 (juli ni kipimo cha nishati) kwa sekunde 1 ni wati 1. Ukiandika "nguvu", msomaji anafikiria msukumo. Ukiandika "nishati", umempoteza kabisa. Birika la wati 2,000 likichemsha kwa dakika 3 hula umeme sawasawa na taa ya wati 10 iliyowaka kwa muda wa saa 10. Nishati ni ileile, power ni mbalimbali.

James Watt, mhandisi wa Uskoti ambaye wati imepewa jina lake, alilinganisha injini za mvuke na farasi, na mpaka leo magari yanasifiwa kwa nguvu farasi. Moja, kwa kipimo cha Waingereza, ni takriban wati 746 (farasi mwenyewe akikurupuka huzidi hapo!). Mimi siku hizi naandika "uwezo", kisha wati pembeni. Mhariri wangu bado ananuna.