Ngao iliyoshika kutu

Nilipovunjika kifundo cha mguu nilizitazama filamu zote nane za Harry Potter kwa siku nne. Mguu uko kwenye plasta, umepandishwa juu ya mito miwili, na rimoti imeshikwa na mdogo wangu, mtu asiyeweza kuvumilia chochote kabla ya mhusika wa kwanza kufungua mdomo. Nembo ya studio ikitokea tu, kidole kishafika kwenye kitufe cha kusogeza mbele.

"Dada, filamu bado haijaanza."

"Imeanza. Rudisha."

Tulibishana hivyo mpaka filamu ya tatu, akachoka, akaniachia rimoti.

Mimi kazi yangu ni kuhariri video, za harusi zaidi, kwa hiyo nembo naitazama kama fundi cherehani anavyotazama pindo la shati la mtu aliyekaa mbele yake kwenye basi. Siwezi kujizuia. Nembo ya Warner Bros., studio iliyotoa filamu hizi, wengi mnaijua: ngao, ndani yake W na B zimebanana, nyuma yake mawingu. Kampuni ilianzishwa mwaka 1923 na ndugu wanne, na ngao imeenda nayo karibu safari yote. Toleo nililolizoea mimi, la mwishoni mwa miaka ya 1990, huanza na majengo ya studio yenyewe yakiwa na rangi ya dhahabu. Picha inayumba kama taswira ndani ya maji, inageuka, ngao inajitokeza. Muziki wake ni kipande cha "As Time Goes By", wimbo unaosikika katika Casablanca ya mwaka 1942. Ni mwanzo wa kistaarabu sana, kama mzee anayekukaribisha kiti kabla ya kukuuliza shida iliyokuleta.

Kwenye Harry Potter mzee huyo hayupo. Ngao inakuja peke yake, na kadiri hadithi inavyosonga ndivyo inavyozidi kuzama gizani. Aliyezifuata filamu hizi sinema, kuanzia 2001 hadi 2011, alikuwa na miaka kumi ya kusahau ile iliyotangulia ilikuwaje. Mimi nilikuwa na chakula cha mchana tu katikati. Ndiyo maana ilipofika filamu ya saba, sehemu ya kwanza ya Deathly Hallows, ya mwaka 2010, niliruka kidogo pale kitandani, plasta na vyote. Ngao inakusogelea, na huku ikikusogelea inashika kutu. Mng'aro unakufa mbele ya macho yako, chuma kinababuka, na ilipoanza ilikuwa nzima. Baada yake tu skrini inajaa macho ya Waziri wa Uchawi, naye anatangaza kwamba nyakati hizi ni za giza. Mheshimiwa, tumeshaona.

Nilirudisha mara nne. Ufundi wake ulinipendeza, lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba kuna mtu alikwenda kuomba ruhusa ya kulichakaza jina la mwenye nyumba, akakubaliwa. Niliwahi kutengeneza tangazo dogo la kampuni moja, nikapewa waraka mzima wa masharti ya nembo: rangi isiguswe, isilazwe, isisogelewe na maandishi mengine. Nilipouliza kama naweza kuifanya itokeze taratibu kutoka gizani, jibu lilikuwa hapana. Sasa hebu fikiria ungewaomba waitie kutu.

Warner walishaonja mchezo huu kabla. The Matrix ya mwaka 1999 inafungua kwa ngao ya kijani, kijani kile cha maandishi ya kompyuta za zamani. Ni rangi tu, hakuna kingine kilichobadilika, lakini ukiingia ndani unakuta kila kinachotokea katika ule ulimwengu wa uongo, uliotengenezwa na kompyuta, kina ukijani huohuo. Kwa hiyo hata jina la studio limo ndani ya uongo. Miaka mingi nilidhani ni kanda yetu imeharibika.

Kuna njia nyingine inayonifurahisha, nayo ni kurudisha nembo ya zamani. Mwaka 1972 studio ilichukua alama iliyochorwa na Saul Bass, bingwa wa mianzo ya filamu: W ya mistari mitatu minene yenye ncha za mviringo, haina mawingu wala mbwembwe. Ilitumika hadi 1984. Ben Affleck alipotengeneza Argo, iliyotoka 2012 na kusimulia mkasa wa Wamarekani waliokwama Tehran mwaka 1979 na 1980, akaifufua. Joker ya 2019 ikafanya vilevile. Hapo hakuna haja ya kuandika mwaka pembeni ya skrini. Aliyeishi enzi hizo anajikuta ameketi tena kwenye kiti cha sinema ya wakati ule, na asiyeziishi anahisi tu kwamba kuna kitu kimezeeka. Kichekesho ni kwamba zama hizohizo za W ya Bass, Mel Brooks, mwongozaji wa vichekesho, naye aliirudisha ngao ya kale mwanzoni mwa Blazing Saddles, mwaka 1974, kisha akaichoma moto.

Si kila badiliko lina maana. Ngao ya waridi ya Barbie, 2023, mimi naiona kama kupaka rangi ukuta kwa ajili ya sherehe: inapendeza, basi. Ngao ya matofali ya kuchezea kwenye filamu ya LEGO nayo ungeibashiri kabla hujaingia. Afadhali The LEGO Batman Movie ya 2017, ambapo skrini ni nyeusi tii na Batman anatueleza kwamba filamu za maana zote huanza na weusi, halafu nembo zinapopita anazitolea maoni moja baada ya nyingine. Mdogo wangu aliicheka hiyo mpaka akasahau kuisogeza mbele.

Siku ya nne jioni nilizikamata picha za ngao zote nane kutoka kwenye filamu, nikazipanga kwenye kompyuta bila majina wala miaka, nikazichanganya. Nikamwita aje azipange kwa umri. Alisimama nyuma yangu na kikombe mkononi, akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akaweka kidole kwenye ile yenye kutu.

"Hii ndiyo ya kwanza," akasema. "Ona ilivyochakaa."

Akaigusa ile ya 2001, inayong'aa.

"Na hii wametoka kuitengeneza juzi."