Nilivyopata amri ya kuonana na wajukuu

Mitaani kwetu kila baraza ina wakili asiyelipwa. Mmoja aliniambia, "Damu yako hiyo, kawachukue shuleni." Ushauri wa kulala kituoni huo. Mwingine akanituma kwa Kadhi. Kadhi ana ndoa, talaka na mirathi. Maombi ya kuonana na mtoto, hapa Mombasa, niliyapeleka mahakama ya watoto Tononoka.

Kabla ya hapo wazee wa pande mbili, wa kwetu na wa mkaza mwanangu, mama wa wajukuu, walikaa. Kahawa ikanywewa, kashata zikaliwa, wakaafikiana: "Nyanya aje wakati wowote." Jamani, wakati wowote ni sawa na kamwe! Nikienda Ijumaa wamelala, Jumapili wamevuka Likoni harusini, jioni wako madrasa. Makubaliano yasiyo na siku wala saa hayana wa kuyavunja.

Sheria ya Watoto ya 2022 haimpi nyanya funguo za nyumba ya mkaza mwana. Kifungu cha 53 cha Katiba kinatanguliza maslahi ya mtoto, kwa hivyo machozi yako yaache nyumbani, onyesha mtoto atakosa nini.

Cheti cha kuzaliwa cha mjukuu hakinitaji; kinamtaja marehemu mwanangu. Cha kuzaliwa cha mwanangu ndicho kinachonitaja mimi. Nikaambatanisha vyote viwili na cheti cha kifo. Halafu, hapa najisifu, nikabonyeza *334#, nikatoa taarifa ya M-Pesa, nikapaka wino wa manjano kila karo niliyolipa, nambari ya mwanafunzi ikionekana. Upande wa pili ulikuwa umeapa kwamba simjui mtoto darasa lake.

Afisa wa watoto alikuja kukagua nyumba: wanalala wapi, nani mwingine anaishi humo. Huduma yake hailipishwi. Kufungua kesi na kuapisha karatasi kulikula elfu kadhaa. Wakili aliyenitajia bei ya bodaboda mpya nilimuaga.

Mkaza mwanangu alihofia sitawarudisha. Hivyo tukaandika: kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi kumi jioni, makabidhiano kwa khaloo yao, yaani dada wa mama yao, aliyewachukua ndiye awarudishe, mtoto akiugua taarifa itolewe usiku wa kuamkia siku hiyo. Hakimu akayafanya makubaliano hayo kuwa amri kwa ridhaa yetu.

Wakichelewa kuletwa sigombi mlangoni. Naandika tarehe na saa, namtumia mama yao ujumbe mmoja wa heshima, na ujumbe huo siufuti.