Bega langu na mpira wa tenisi
Kwa miaka 3 nimeshona nikiwa nimeinamia cherehani, na maumivu ya bega la kulia yakawa kama mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama. Mtaalamu wa fiziotherapia hakunichua kwa nguvu kama nilivyotarajia; aliweka vidole kwenye fundo lililo karibu na kombe la bega, akakandamiza polepole bila mafuta na kutulia hapo kwa takriban dakika 2, akilenga fashia, yaani utando unaofunika misuli, mpaka nikahisi sehemu ile ikilegea. Nyumbani hubana mpira wa tenisi kati ya bega na ukuta, nikiepuka kabisa uti wa mgongo. Maumivu hayajaisha, ila sasa ninaweza kulalia ubavu wa kulia, jambo lililonishinda tangu mwaka jana.