Helikopta ya rimoti, wiki ya 11: sasa pua inanitazama

Wiki ya 1

Nimeanza. Nimenunua WLtoys V911 iliyotumika kutoka kwa jamaa aliyekuwa anahama, imekuja na betri mbili na seti moja ya mapanga ya akiba. Ni ndogo, kubwa kidogo tu kuliko kiganja changu, ya chaneli nne, yaani kuna mambo manne unayashika kwa wakati mmoja: stiki ya kushoto inapandisha na kushusha, tena inageuza pua, ya kulia inapeleka mbele na nyuma, kushoto na kulia. Ukirekebisha moja, nyingine tatu zinataka zirekebishwe pia.

Jioni niliwashia sebuleni. Imegonga kabati, imegonga ukuta, imegonga kabati tena. Ila kuna kitu nimekiona ambacho sikukitegemea, ikiwa chini chini haitulii kabisa, upepo wa mapanga unagonga sakafu afu unairudia yenyewe, kwa hiyo ukiogopa ukaishikilia sentimita kumi juu ya sakafu ndo inakutesa zaidi. Nilipoipandisha moja kwa moja mpaka usawa wa kifua ikatulia sekunde kama tatu nzima. Nimelala nikiziwaza hizo sekunde tatu.

Wiki ya 2 na ya 3

Nimetoka nje. Huku Tanga saivi ni kusi, ikifika saa tatu asubuhi upepo wa baharini umeshaamka na kitu chepesi hivi kinabebwa kama jani, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu niko uwanja wa shule. Nyasi ni nzuri kuangukia lakini umande unaingia kwenye umeme wake, nikamwendea bibi.

"Bibi, naomba ule mkeka uliochanika."

"Chukua mume wangu, ila usiniletee majani ndani."

Ule mkeka ndo kiwanja changu cha ndege mpaka leo.

Somo kubwa la wiki hizi ni mkono wa kushoto. Ukiona inaenda kugonga, mwili wenyewe unataka uongeze moto ili ipande, na ikigonga mapanga yakiwa na nguvu yote ndo gia inaliwa meno, shafti inapinda. Inabidi ujifunze kukata moto wote kabla haijagusa, iache ianguke imezima. Nilifanya zoezi hilo peke yake asubuhi mbili, napandisha, nakata, napandisha, nakata, watoto wanaopita kwenda shule wakawa wanasema anko, mbona inaanguka kila saa? Nikawaambia naifundisha kuanguka. Ndo ukweli, toka hapo sijaharibu gia.

Wiki ya 4

Mkia umevunjika. Kile kijiti cha kaboni kimekatika katikati, na spea ukiagiza nje unasubiri wiki kadhaa. Nikachukua kijiti cha mshikaki, nikakipima, nikakisugua kwa msasa mpaka kikaingia, supagluu kidogo, nyaya za mota ya mkia nikazifunga kwa uzi kando yake. Ikaruka! Ila ikawa inarudi nyuma tu, inarudi nyuma, nikamaliza trimu yote, yaani vile vitufe vya rimoti vya kuisawazisha, bado inarudi. Nikakaa nayo chini ya mwembe karibu saa nzima nikidhani mota imekufa, kumbe mshikaki ni mzito kuliko kaboni, mkia unavuta chini. Nikainyanyua kwa vidole viwili kwenye kile kifimbo cha uzani cha juu ya mapanga na kweli mkia ulilala. Nikasogeza betri mbele milimita chache, nikafunga na raba, nikainyanyua tena, ikakaa sawa. Siku hiyo nilielewa hii mashine kuliko wiki zote tatu za mwanzo. Nimeshauriwa na watu wawili watatu ninunue drone tu, na drone ni kitu kizuri, lakini nyingi ukiachia stiki zinajishikilia zenyewe. Hii ukiachia inaondoka. Mimi nataka niweze kuishika.

Wiki ya 6

Nimeweza kuitulizia hewani betri nzima, dakika tano na ushee, mkia ukiwa upande wangu, ndani ya duara nililochora kwa chokaa! Mkononi hakuna harakati kubwa tena, ni kugusa kidogo kidogo muda wote, na unagusa kabla haijaondoka, ukisubiri uone imeondoka umeshachelewa.

Nimesoma habari za Igor Sikorsky, mbunifu wa helikopta, wiki hii. Alipoijaribu helikopta yake VS-300 mara ya kwanza, tarehe 14 Septemba 1939 kule Connecticut, Marekani, aliifunga kamba chini isimkimbie, na ilikuja kuruka bila kamba tarehe 13 Mei 1940. Miezi minane, na yeye ndo aliyeibuni na ndo aliyekuwa amekaa ndani. Ile feni ndogo ya mkia niliyoifunga kwa uzi inafanya kazi ileile ya mkia wa VS-300: mapanga makubwa yakizunguka upande huu, mwili unataka kuzunguka upande ule, bila mkia inazunguka kama pia.

Wiki ya 8

Ubavu. Naiweka inatazama kushoto, natuliza, afu kulia. Kulia ni kugumu zaidi kwangu, sijajua sababu. Betri moja imevimba, niliiacha imejaa chaji mezani wiki nzima na joto la huku, nimeitoa kwenye matumizi kabisa. Kama huruki kesho usiiache imejaa na usiiache tupu, iache volti 3.8 hivi.

Wiki ya 11

Pua. Hapa ndo nimekwama siku tisa. Ikikugeukia, kushoto kwake ni kulia kwako, kwa hiyo mkono unafanya kinyume na unaiongezea balaa. Nilijaribu kujiwazia nimekaa ndani yake, kwenye karatasi ni rahisi, hewani hakuna muda wa kuwaza.

Kilichonifungulia ni hiki: ikiwa inakutazama, popote inapoelemea, sukuma stiki upande huohuo, kama unavyoegemeza mgomba kwa mti upande unaotaka kuangukia. Inaelemea kushoto kwako, stiki kushoto. Inakujia, stiki vuta kwako. Nikaacha kabisa kufikiria kushoto kwake na kulia kwake. Na sikuigeuza kwa mkupuo, nilianzia ubavu nikaongeza pua kidogo kila asubuhi, nikichanganyikiwa naigeuza irudi ubavuni napumua.

Jumanne sekunde 6. Alhamisi 15. Leo Jumamosi, sekunde 41, mdogo wangu akihesabu kwa sauti na simu mkononi, na nilikuwa nakiona kioo chake cha mbele kinang'aa jua la asubuhi likitokea nyuma yangu, sijawahi kuiona hivyo ikiwa hewani. Akafika arobaini na moja, minazi ikaanza kusikika, nikaishusha mkekani. Betri ilikuwa bado na chaji.