Maji ya Arusha

Leo asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu nihamie Arusha, nimekunywa kikombe cha kahawa niliyoichuja mwenyewe nikakimaliza bila kukunja uso. Ninaandika mapema ili nisisahau nilivyofika hapa, kwa sababu kosa lililonisumbua kwa karibu miezi miwili halikuwa katika buni wala katika mkono wangu, bali katika maji.

Kuchuja kahawa kwa koni, yaani kichujio chenye umbo la faneli kinachowekwa juu ya kikombe, na karatasi ndani yake, nilijifunza nikiwa Dar es Salaam. Kanuni niliyofundishwa ilikuwa gramu 15 za kahawa iliyosagwa wakati huohuo kwa gramu 250 za maji. Maji yachemke, kisha birika liachwe wazi kwa dakika moja ili joto lishuke kidogo, lisipungue nyuzi 92. Huko ilinifaa sana. Hapa, kwa vifaa vilevile na buni zilezile za Kilimanjaro, kila kikombe kilitoka chepesi na chenye uchachu wa ndimu changa. Nilijaribu kusaga laini zaidi, maji yakawa yanatuama juu ya karatasi na uchachu ukachanganyika na uchungu. Nikafikia hata kumshuku muuzaji wa buni, jambo ambalo sasa ninalijutia.

Jana jioni niliazima kipimajoto kwa jirani anayeoka keki. Maji yakiwa yanatokota kabisa, kilisoma nyuzi 95. Nilipoliacha birika wazi kwa dakika ileile niliyoizoea, zilibaki 90. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, hivyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Somo hili nililisoma shuleni na kulijibu katika mitihani, lakini sikuwahi kulihusisha na kikombe changu. Katika kahawa, ladha ya uchachu hutoka mapema, ilhali utamu na uchungu huchelewa na huhitaji joto la kutosha ili kutoka. Mimi nilikuwa ninaipokonya kahawa joto hilo, kisha koni ya kauri iliyokuwa baridi inapokonya lililosalia.

Basi leo sikusubiri. Kwanza niliisuuza karatasi kwa maji yanayotokota, ili harufu ya karatasi iondoke na koni ipate moto, nikayamwaga maji hayo. Nikatia kahawa, nikamimina maji kidogo tu, gramu 40 hivi, moja kwa moja kutoka jikoni. Unga ukaumuka kama maandazi, ukatoa mapovu, kwa kuwa buni zilizokaangwa karibuni bado zina hewa ya kabonidayoksaidi ndani yake. Nikaiacha ipumue kwa sekunde 40. Hapo ndipo harufu ilipobadilika, nami nikajua kwamba leo mambo ni mengine. Maji yaliyobaki niliyamimina polepole kwa kuzungusha, huku nikilirudisha birika motoni kila nilipopumzika, na kahawa ikamaliza kudondoka katika dakika ya tatu. Ilikuwa na utamu wa matunda yaliyoiva, na uchachu ulikuwepo kwa kiasi cha kuuchangamsha ulimi tu.

Karatasi ya kuchujia kahawa tumeipata kwa Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, ambaye mwaka 1908 alichoshwa na mashapo akatumia karatasi ya kukaushia wino iliyotoka katika daftari la mwanawe. Ninamshukuru, ingawa siwezi kusema kwamba kahawa yake inaishinda kahawa chungu ya dele niliyokua nikimwona babu akiinywa kwa kashata, mashapo yakitulia chini ya kikombe na hakuna aliyelalamika. Tena nimetambua kwa nini kahawa chungu ninayoinunua jioni hapa mtaani haikuwahi kunipa shida: hiyo hukaa juu ya mkaa muda mrefu, na muda huo hufidia nyuzi chache zinazopotea. Ya koni ina dakika tatu tu.

Kwenye mlango wa kabati nimebandika karatasi ya kanuni niliyokuja nayo kutoka Dar. Mstari wa kusubiri dakika moja nimeukata kwa kalamu, na pembeni nimeandika: Arusha, mimina yakitokota.